Rangi Ndani ya Tangi

Ndiyo, bado yumo ndani ya tangi. Msomaji mmoja wa Mtama amenitumia ujumbe kwamba nikimuua Bertha halinunui tena gazeti hili. Mwingine wa Pande anataka nimuue haraka, kwa sababu eti ni mwanamke anayejifanya anajua sana. Nyote wawili tulieni. Leo sina upendeleo kwa mtu.

Na wewe uliyefungiwa vitumbua kwa gazeti hili na hujui tunaongelea nini, sogea karibu nikupe kwa ufupi.

Injinia Bertha Likwata, binti wa Kimwera, kazi yake ni kukataa vitu. Mashine kubwa ya kusukuma gesi pale kiwanda cha Mkwajuni, nje kidogo ya Kilwa Masoko, imetoka mbali kwa meli. Lakini vitu vya pembeni vinavyoilisha na kuilinda, yaani matangi ya oili, pampu na vichujio, vimetengenezwa na watu wa nje ya kiwanda. Bertha ndiye anayesimama juu ya vichwa vya watu hao akisema hiki kinafaa, hiki rudisha. Mkubwa wao ni Valentini, mwenye karakana Nangurukuru, suti safi na ulimi laini.

Siku ya majaribio Valentini alimwonyesha Bertha tangi zuri la chuma kisichoshika kutu. Lililokuja kufungwa Mkwajuni, chini ya mashine namba moja, lilifika limeshajazwa oili, na Bertha hakuliona ndani. Likamkaa rohoni. Ijumaa hii akaenda Nangurukuru peke yake, akaingia kwenye pacha wa tangi lile, la mashine namba mbili, ili ajionee kwa macho yake. Hapo ndipo Shamte, mkono wa kulia wa Valentini, alipobamiza kifuniko juu yake, akakaza nati na kufungulia oili.

Na mashine namba moja inawashwa leo hii, mara tu baada ya swala ya Ijumaa na dua. Siku ya kwanza mwendeshaji hakai chumbani kwake. Husimama ubavuni mwa mashine, sikio limetegwa. Mwendeshaji huyo anaitwa Stefano, naye ni mume wa Bertha.

Haya, turudi tangini.

Oili ilikuwa imempita magoti. Ndani giza totoro. Simu yake ilishazama na kuzimika mfukoni. Bertha akapapasa ukuta, akakwaruza kwa kucha, na kitu kikabanduka vidoleni mwake kama ganda la yai la kuchemsha.

Rangi.

Valentini alikuwa amechukua chuma cha kawaida, hiki cha kutengenezea mageti, akakipaka rangi ya fedha kwa ndani kikang'aa.

Oili ya mashine ikipata moto, rangi ya namna ile inabanduka. Vipande vinakwenda kuziba kichujio. Beringi zinakosa oili, chuma kinasaga chuma, vizibo vya mhimili vinapasuka, na gesi inamwagika palepale aliposimama mtu aliyetega sikio.

Akapiga ngumi ukuta. "Shamte. Nisikilize. Kuna watu watakufa Mkwajuni."

"Watu hufa kila siku, Mama Injinia." Sauti ilitoka nje, imetulia kabisa. "Mimi sina ugomvi na wewe. Bosi kasema usitoke, basi hutoki."

"Bosi kakwambia unizamishe?"

"Kasema usitoke," Shamte akarudia, na bomba likaongezwa nguvu.

Kiunoni. Kifuani. Wengine husema maji yamewafika shingoni. Bertha yalikuwa yamemfika kweli, na hayakuwa maji.

Alisali. Halafu akamtukana Valentini kwa Kimwera, matusi ambayo mhariri wangu hataki niyaandike. Katikati ya matusi hayo akakumbuka kitu. Kwenye mchoro wa tangi hili kulikuwa na mlango wa pili, wa pembeni, chini, wa kuingilia wasafishaji. Mchoro ulitaka bamba nene lililochomelewa vizuri pande zote. Sasa mtu aliyeiba chuma cha tangi zima, angeacha kuiba kwenye kimlango ambacho hakuna anayekitazama?

Akajaza pumzi, akazama ndani ya oili, akaegemeza mgongo ukutani na kupiga teke.

Mlango ukalia. Akapiga tena. Mara ya pili akasikia uchomeleaji unakatika, vidonge vidonge, kama mtu anavyofungua vifungo vya shati. Mapafu yalikuwa yanawaka. Akapiga teke la mwisho kwa miguu yote miwili.

Bamba likang'oka, oili ikamtapika nje.

Aliteleza sakafuni mwa karakana akiwa mweusi tii, akikohoa, macho hayaoni. Wizi wa Valentini ndio uliomwokoa, na nawaambieni hata Bertha mwenyewe hakuwa na muda wa kucheka.

Shamte alikuwa anakuja na mtarimbo.

Hakuna wa kumsaidia, mafundi wote walikuwa msikitini. Mtarimbo ukashuka. Bertha akabingirika, chuma kikapiga sakafu na kutoa cheche. Ukashuka tena, safari hii ukampata bega la kushoto, na mkono ule ukafa ganzi papo hapo.

"Lala, mama," Shamte akasema, kama anayembembeleza. "Lala usiniumize mikono."

Akatupa mtarimbo, akamrukia, akamkaba koo. Lakini jaribu wewe kumkaba mtu aliyetoka kwenye tangi la oili. Vidole vilishika, vikateleza. Vikashika tena, vikateleza. Bertha akajipindapinda akatoka mikononi mwake kama kambale, akasimama kwa shida na kudaka mnyororo wa winchi uliokuwa unaning'inia juu ya meza ya kazi. Mwisho wa mnyororo kuna ndoano ya chuma, kubwa kuliko ngumi ya mwanamume.

Akaizungusha mara moja tu.

Ndoano ikatua kwenye taya la Shamte. Meno yakaruka, mtu mzima akaenda chini kifudifudi, damu na oili vikachanganyika. Bertha hakungoja kuona kama anapumua. Nje, gari la kiwanda alilokuja nalo lilikuwa limetobolewa magurudumu yote. Akakimbilia barabarani.

Palikuwa na bodaboda mmoja tu kivulini, wengine wameenda kuswali. Jina lake Hasani, Mungu amlipe.

"Mkwajuni. Sasa hivi."

Hasani alimtazama kuanzia nywele hadi viatu. "Dada, utaniharibia siti."

"Nitakununulia pikipiki nzima. Washa."

"Damu hiyo ni yako?"

"Nyingine siyo."

Hasani akawasha.

Njiani Bertha aliomba simu ya Hasani, akampigia Stefano huku upepo ukimvua ngozi. Ikaita mpaka ikakata. Akampigia Sipriani, meneja wa kiwanda. Ikaita mpaka ikakata. Hapo akakumbuka, akauma mdomo. Siku ya kuwasha gesi simu zote huachwa getini, pamoja na viberiti na chochote kinachoweza kutoa cheche. Sharti hilo alikuwa analipenda sana. Leo alilichukia.

"Dada," Hasani akasema, "kuna pikapu nyuma yetu, na dereva wake kama hana meno."

Shamte. Taya limening'inia, shati lote damu, anaendesha gari la Valentini kama aliyepagawa. Walikuwa wameanza kuteremka kilima cha Singino. Pikapu ikawakaribia, bampa likagusa gurudumu la nyuma, pikipiki ikayumba. Hasani akaisawazisha huku akitaja majina ya Mwenyezi Mungu moja baada ya jingine.

"Kaa katikati ya barabara," Bertha akamwambia sikioni.

"Katikati kuna lori linakuja."

"Ndiyo. Kaa hapohapo."

Kaka yule alikuwa na roho au alikuwa na wazimu, sijui. Alikaa katikati mpaka lori la korosho likapiga honi ya kupasua masikio, kisha akalalia kushoto kwenye mchanga. Shamte akakanyaga breki. Lakini alikuwa amevaa kandambili, na kandambili hizo zilikuwa zimekanyaga oili yote ya karakana. Mguu ukateleza, ukaangukia pedali ya mafuta badala ya breki.

Pikapu ilipita ubavuni mwa lori, ikapaa juu ya mtaro, ikapiga mti na kujikunja. Hasani alitaka kusimama.

"Endelea," Bertha akasema. Alikuwa analia, na hakujua analia kwa ajili ya nani.

Getini Mkwajuni alikuwepo Rafaeli mlinzi, Mmakonde, mtani wake wa kila asubuhi. Alipomwona tu akaanza kama kawaida yake. "Mmwera, leo nani kakukaanga bila chumvi?"

"Wameshawasha?"

Rafaeli akaona damu, utani ukamwisha mdomoni. "Sasa hivi tu. Wageni wote wako ndani ya banda la mashine. Wametoka turubaini walikokuwa wameketi, bibi kasema dua isomewe kitu chenyewe."

"Bibi gani?"

"Bi Maimuna wa Pande. Walimwomba aje afukize mashine. Usiwe na wasiwasi, mama, nimekagua kila mtu." Akamwonyesha kapu kwa fahari. Simu zimejaa, viberiti, hata saa ya meneja. "Hata Valentini nimempekua mpaka soksi."

Upepo ukageuka, ukawaletea harufu nzuri, tamu, ya msibani na ya harusini.

Ubani.

"Rafaeli," Bertha akasema taratibu, "na chetezo cha Bi Maimuna ulikikagua?"

Rafaeli alikuwa amekiona. Alivua kofia kilipopita. Kila mtu pale alikuwa amekiona. Inapozinduliwa nyumba hufukizwa, inaposhushwa mashua hufukizwa, bibi akazunguka na makaa yake yanayofuka na watu wakainamisha vichwa. Nani katika pwani hii amekulia nyumba ya kumpekua bibi mwenye chetezo cha dua? Mtu aliyeacha getini hata saa ya mkononi alikuwa amepishana mlangoni na makaa ya moto mekundu, akayaitikia amina.

Bertha akakimbia kuliko alivyokuwa amekimbia maisha yake yote.

Bandani mashine namba moja ilikuwa inanguruma. Wageni wamejipanga ukutani kwa kofia ngumu juu ya kanzu na vitenge. Valentini na Sipriani wamesimama mbele. Stefano yuko ubavuni mwa mashine, sikio limetegwa, na Bi Maimuna, mwembamba, mtandio mweupe, anaizunguka mashine polepole na chetezo mkononi, moshi unampita usoni.

Kwanza heshima, hata kama dunia inakwisha. "Shikamoo, bibi. Nakuomba utoke nje na chetezo hicho."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeanza mzunguko wa mwisho, na mzunguko haukatwi." Halafu akamtazama vizuri. "Nani kakufanyia hivyo, mwanangu?"

Bertha hakujibu. Alikuwa amesikia sauti ya mashine inabadilika. Chini ya ngurumo kulikuwa na kilio chembamba kinachopanda, na Stefano naye alikisikia, maana uso wake ulibadilika.

"Zima," Bertha akapiga kelele. "Sipriani, zima. Tangi limepakwa rangi ndani. Beringi hazipati oili."

Sipriani alikuwa mtu mwoga, lakini mwoga mwaminifu. Mkono wake ukaenda kwenye kitufe chekundu cha dharura ukutani. Valentini akamdaka kifundo cha mkono.

"Mbele ya wageni wote hawa, Sipriani? Mashine zote za pwani hii zinategemea siku ya leo. Huyu dada ana chuki na mimi. Rangi ni rangi tu, imemuua nani?"

"Niachie mkono."

"Nasema hazimwi."

Sipriani akajivuta. Na hapo suti safi na ulimi laini vikaisha kazi. Valentini akachomoa bisibisi ndefu kwenye sanduku la zana na kumchoma nayo Sipriani tumboni, chini kidogo ya mbavu, kisha akaichomoa. Sipriani akatazama shati lake linavyobadilika rangi, akakaa chini taratibu kama aliyechoka.

Wanawake wakapiga ukunga. Patashika. Watu wakagombania mlango, kofia zikidondoka, mzee mmoja akakanyagwa.

Bertha akaenda kwa Valentini na bega lake bovu. Bisibisi ikampata shavuni, ikafungua nyama mpaka karibu na sikio. Hakusimama. Akamkumba kwa uzito wake wote, kichwa cha Valentini kikapiga nguzo ya chuma, na mkono wa Bertha wenye damu ukatua kwenye kitufe chekundu.

Ngurumo ikaanza kushuka.

Kilio hakikushuka. Kikageuka kuwa mlio wa nyoka, mrefu, usiokatika. Kizibo cha mhimili kilikuwa kimepasuka. Gesi ya ardhini haina harufu, humo bandani palinukia ubani tu. Lakini kipimo cha gesi kilichofungwa kifuani mwa Sipriani kikaanza kulia, na kila kilipolia kililia haraka zaidi.

"Bibi," Bertha akasema. "Makaa."

Bi Maimuna sasa alikuwa ameelewa. Hakupiga kelele. Akatazama mlango, mlango umejaa watu. Akapiga magoti, akaweka chetezo sakafuni, na Bertha akabeba ndoo nyekundu ya mchanga wa zimamoto na kuimwaga yote juu yake. Makaa yakafukiwa. Yote isipokuwa moja, lililoruka ukingoni na kubingirika kuelekea chini ya mashine, pale mlio wa nyoka ulipokuwa unatokea.

Bibi akajitupa kifudifudi na kulifumbata mkononi.

Alilifumbata na hakuachia. Nyama iliungua, moshi mdogo ukatoka katikati ya vidole vyake vikavu, na midomo yake iliendelea kusoma mpaka kaa likafa. Kisha akalegea na kubaki palepale nyuma ya mashine, shavu sakafuni.

Valvu kubwa ya gesi ikajifunga. Mlio ukafifia, ingawa kipimo hakikunyamaza. Gesi iliyokwishatoka ilikuwa bado imejaa bandani, inangoja cheche moja.

Na Stefano alikuwa hai. Amesimama, mzima, bila mkwaruzo. Kwa ajili ya hilo Bertha alikuwa amezama, amevunjwa bega, amepasuliwa uso. Alitaka kumshika tu.

Stefano akamjia mbio, akamshika mabega, akaona shavu, akaona oili.

"Bertha. Mke wangu. Walisema watakufungia tu mpaka mashine iwake."

Nawaambieni, bisibisi haikumuuma vile.

"Walisema," Bertha akarudia. "Nani alisema, Stefano?"

"Sikiliza. Asubuhi Valentini alinikaribisha chai. Akaniuliza uko wapi, nikamwambia umekwenda Nangurukuru kuingia kwenye tangi. Akasema ukichelewesha leo, mashine zote zinapelekwa Mtwara, kazi yangu imekwisha. Narudi kupalilia mikorosho ya baba yako. Akasema watakufungia saa moja mbili, halafu wanakutoa. Basi. Aliniapia."

"Walifungulia oili."

Stefano hakuelewa.

"Nikiwa humo ndani. Walifunga kifuniko, wakafungulia oili. Ilinifika hapa." Bertha akaweka kidole chini ya pua. "Wewe ulikuwa unakunywa chai."

Nimewahi kuona uso wa mtu aliyeambiwa mama yake amefariki. Uso wa Stefano ulikuwa mbaya kuliko huo. Akarudi nyuma hatua, na nyingine. Bertha akampa mgongo. Asingeweza kumtazama tena, na Sipriani alikuwa anakufa sakafuni.

Akamshika Sipriani kwapani kwa mkono mmoja mzima, akamburuta mpaka nje juani, damu ikichora njia, kipimo kikamchomoka kifuani na kubaki ndani sakafuni. Rafaeli akampokea, akavua shati na kulikandamiza juu ya jeraha.

"Wote wametoka?" Rafaeli akauliza.

Bertha akatazama nyuso. Watu walikuwa wamekaa chini ya ukuta, wanatapika, wanaitana majina. Mtandio mweupe haukuwepo.

"Bibi," akasema, na akarudi ndani kupitia mlango mdogo wa nyuma.

Alichokosa kukiona ni Valentini. Kichwa kimepasuka, damu imeziba jicho moja, lakini akili bado inapiga hesabu. Ndani ya kichujio cha mashine namba moja kulikuwa na vipande vya rangi ya fedha, ushahidi wote wa wizi wake umejikusanya mahali pamoja. Wakaguzi wangekifungua kabla ya magharibi. Kwa hiyo Valentini, mtu ambaye watu wote walidhani ameshakimbilia porini, alichukua spana na kuingia tena bandani kwa mlango mkubwa, ameinama.

Stefano alimwona.

Stefano alikuwa amesimama peke yake nje ya chumba cha kuendeshea mitambo, kile cha zege chenye dirisha la kioo kinachotazama bandani. Hakumwona mke wake akiingia kwa nyuma. Alimwona Valentini tu. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti chake, mbele ya vitufe vya mashine na vya milango.

Bertha alikuwa amepiga magoti nyuma ya mashine. Bi Maimuna alikuwa anapumua. Mkono wake ulioungua ulikuwa bado umefumbwa, na hakuna aliyeweza kuufumbua.

"Amka, bibi. Twende."

"Miguu haipo, mjukuu wangu," bibi akanong'ona. "Wewe nenda."

"Siendi bila wewe."

Mlango mkubwa ukaanza kujivuta wenyewe kwenye reli. Bertha akadhani ni Rafaeli anafunga kwa usalama. Halafu mlango mdogo wa nyuma, ule aliouingilia, ukalia kufuli lake la umeme. Upande wa pili wa mashine Valentini akainua kichwa kutoka kwenye kichujio, spana mkononi, nati mbili bado hazijafunguka.

Kipaza sauti cha banda kikakoroma.

"Valentini." Ilikuwa sauti ya Stefano, na ilikuwa imetulia kwa namna ambayo Bertha hakuwahi kuisikia nyumbani. "Nilikuamini. Nilikupa mke wangu kwa kikombe cha chai. Sasa sikiliza mashine yako ilie, ukiwa karibu."

Valentini akakimbilia mlango mkubwa, akaugonga kwa spana. Cheche ndogo zikaruka. Bertha akafumba macho, akafumbua. Bado walikuwa hai. Kipimo kilichobaki sakafuni kililia mfululizo.

"Acha kugonga chuma," akampigia kelele. "Acha, utatulipua."

Valentini akageuka, akamwona. Uso ukamkauka. "Upo humu? Mwambie. Mwambie mumeo upo humu."

Bertha akakimbilia kitufe chekundu, akakibonyeza, akakibonyeza tena. Kilikuwa kimekufa. Stefano alishakikata kule ndani, hakutaka Valentini akikute.

Akaenda kwenye dirisha, akiteleza kwa oili yake mwenyewe. Moshi wa ubani na oili ya moto ulikuwa umetanda, na kioo kimeingia ukungu upande wa bandani. Akakifuta kwa kiganja, kiganja kina oili nyeusi, kikazidi kuwa giza. Kwa mbali, ndani, aliona kivuli cha mtu ameinamisha kichwa, mkono umetangulia mbele.

"Stefano," akaita. "Stefano, ni mimi."

Kioo kile kiliagizwa kisipitishe mlipuko wala sauti. Waliotengeneza walileta kibovu mara mbili, na mara zote mbili Bertha alikirudisha. Cha tatu alikigonga kwa nyundo, akasimama upande huu na mtu akipiga kelele upande ule, hakusikia kitu. Akakipitisha kwa mkono wake mwenyewe.

Akapiga kelele mpaka jeraha la shavu likapasuka upya. Nyuma yake, mashine namba moja ikaanza kuzunguka.